Bidoni ya kijana si makelele

Kijana aliyekimbia vita akifunga nyuzi kwenye bidoni na kuanza kupiga, hakosi mkubwa wa kumwambia aache makelele. Kwa kipimo hicho hata Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa Konono N°1 ya Kinshasa, aliyefariki mwaka 2015, angenyamazishwa. Likembe yake ilimezwa na kelele za mji, basi akaitengenezea maikrofoni kwa sumaku za vyuma vya magari mabovu. Fikra iliyozaa albamu Congotronics ya 2004 ndiyo hiyo: kusikika. Ulaya waliuita muziki wa majaribio. Kwake ilikuwa haja. KOKOKO! nao, wanaopigia vyombo vya takataka, waliita albamu yao ya 2019 Fongola, yaani ufunguo.

Na redio za huku mashariki? Asubuhi hadi jioni mastaa walewale, na mabanga ya matajiri waliolipa ili watajwe. (Hayo hakuna anayeyaita makelele.) Mwenye bidoni hapewi hata dakika tano, halafu anaambiwa hana kipaji. Wapanga vipindi wabebe maikrofoni, waende walipo wahamaji, wamwulize kijana huyo anatafuta sauti gani.