Bibi harusi anataka mashine ya kufulia, kosa lake nini?



Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie. Kazi yangu ni kushona nguo za harusi hapa Ujiji, na bibi harusi haji kupimwa peke yake. Anakuja na shangazi, na wifi, na jirani asiyehusika. Binti akitaja mashine ya kufulia kwenye orodha ya vyombo, vicheko vinaanza. Akisema anataka ile ya mlango wa mbele kama ya Ulaya, ndiyo kabisa. "Mke gani huyo, hana mikono?" Halafu dini inaingizwa: eti anaiga Wazungu, eti mashine ile haitoharishi nguo.

Hili la kuiga Wazungu nalijibu kwanza kwa sababu ni jepesi. Makochi ya kona yanayojaza sebule mpaka mtu anapita ubavu ubavu, hayo asili yake ni Buhigwe? Kabati la vioo lenye glasi ambazo hazijawahi kutiwa maji, je? Friji, je? Hayo yote yanapigiwa vigelegele. Kifaa pekee kinachoambiwa ni cha Kizungu ni kile kinachopumzisha mgongo wa mwanamke.

Na mgongo wenyewe tuuseme. Shuka la futi sita kwa sita likishalowa, kulikamua ni kazi ya watu wawili, na mara nyingi mwanamke yuko peke yake. Huku kwetu wapo wanaofua ziwani, Ujiji, Kibirizi, Katonga, wamesimama kwenye maji ya magotini na mtoto mgongoni. Watalii wanapiga picha, wanasema pazuri. Pazuri, sawa, lakini kichocho kinatoka kwa konokono wa maji hayo hayo ya kingoni, na povu la sabuni linakwenda kwenye maji ambayo mwingine anachota ndoo ya kupikia. Mwenye kusema kufua kwa mkono ndiyo heshima ya mke, aje asimame pale saa mbili.

Halafu kuna hili linalonichekesha. Mabinti wetu wangapi wamekwenda Muscat kufanya kazi za ndani? Kule wanafua nguo za nyumba nzima kwa mashine, mama mwenye nyumba ni Mwislamu safi, na hakuna shangazi wa Ujiji aliyewahi kumwita mvivu. Binti yule yule akirudi kuolewa, akasema kifaa alichokitumia kwa watu naye akipate kwake, ghafla amekosa adabu!

Tuje kwenye dini, maana ndiko wanakokimbilia. Wengine wananiletea kisa cha Bibi Fatma, radhiyallahu anha, alipochubuka mikono kwa kusaga, akaenda kuomba mtumishi, naye Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamfundisha tasbihi ya 33, 33 na 34 kabla ya kulala. Wanasema, umeona, hakupewa. Dada, kisome chote. Hakuambiwa mvivu. Hakukemewa kwa kuomba. Na imepokewa kuwa walikuwepo Ahlu Suffa, matumbo yao yana njaa, wao ndio waliotangulizwa. Bwana harusi anayenunua kochi la pili hajamtanguliza mwenye njaa yeyote, amewatanguliza wageni wa Iddi.

Bibi Aisha, radhiyallahu anha, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Na masheikh wa madhehebu yetu ya Shafii wameandika wazi kwamba vifaa vya usafi wa mke ni juu ya mume, na kwamba kupika na kufua si wajibu wake kisheria bali ni wema wake. Sisemi bibi harusi aingie ndani na kitabu mkononi adai haki siku ya pili. Nasema anayetumia dini kumnyamazisha ajue dini imesema nini.

La tohara ni swali zito, nalo silidharau. Hoja yao ni kwamba mashine ya Kizungu inatumia maji machache. Ni kweli. Mzunguko mzima unaweza kuchukua lita 50 hivi, wakati maji ya kulateni ni lita karibu 200 au zaidi kwa hesabu za wanazuoni. Lakini wanaosema hivyo wengi wao hawajawahi kuitazama ikifanya kazi. Nguo hazikai kwenye maji yale yale. Maji yanaingia juu ya nguo, yanatolewa yote, yanaingia mapya, yanatolewa tena, mara mbili au tatu za kusuuza. Tunachotakiwa ni kile tulichofundishwa madrasa: najisi yenyewe iondolewe kwanza. Nguo ya mtoto isuuzwe bombani kabla haijaingia. Damu ya hedhi isuguliwe kwa maji, na yawe ya baridi, maana ya moto huigandisha kwenye uzi, na mashine hizi huchemsha maji zenyewe. Ukienda kwa sheikh wako usimwulize tu "mashine inatoharisha?" Mweleze inavyoingiza maji na kuyatoa, ndipo akujibu.

Sasa na nyinyi mabibi harusi, msidhani niko upande wenu kwa kila kitu. Mashine ya mlango wa mbele inataka maji ya bomba yanayosukuma. Nyingi zimeandikwa nusu bar au chini kidogo, na nusu bar ni tangi lililo juu kama mita 5. Kama nyumbani kwenu maji ni ya madumu, mashine hiyo itasimama katikati ya kazi ikiomba maji, nawe utakuwa unamimina ndoo kwenye kidroo cha sabuni mpaka uichukie. Hapo nunua ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Unajaza kwa ndoo, haina haya ya kutumia maji ya kisima, na umeme ukikatika unamalizia kwa mkono. Haipendezi pichani. Na iwe hivyo.

Mwenye tangi la juu na bomba zuri, achukue ya Ulaya bila kuona aibu. Inafua kwa upole kwa sababu inageuza nguo badala ya kuzisokota. Ila kule kuchemsha maji ndiko kunakokula uniti za LUKU, hivyo weka 30, au baridi kabisa.

Wenye ndugu nje, hapa sikilizeni. Huku Kigoma wengi wana jamaa waliotoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani, na jamaa kwa mapenzi anataka kutuma mashine. Mwambieni atume pesa. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230, na hata mizunguko ya umeme haifanani. Ya Ulaya au ya Oman inakubali umeme wetu, labda ubadilishe plagi. Ukinunua ya mtumba Unguja au Dar ije kwa treni ya reli ya kati, mwambie muuzaji afunge zile bolti za nyuma zinazoshika pipa njiani, na ikifika kwako zitolewe kabla ya kuwashwa. Kuna muuzaji mmoja alimwambia mteja wangu bolti hizo ni pambo tu. Mashine iliruka sakafuni kama imepagawa.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono ina povu jingi, kwenye mashine hii itamwagika sakafuni. Tafuta iliyoandikwa ya mashine. Kanga na vitenge vipya vioshwe peke yake mara ya kwanza, na kitambaa cha pamba kioshwe kabla hujaniletea nikate, kisije kikapungua juu ya mwili wako. Baibui ligeuzwe ndani nje, liwe kwenye mfuko wa wavu, kukamua kuwe kwa kasi ndogo. Gauni la harusi lenye shanga nilizokaa nikizishona usiku, hilo halitiwi mashine yoyote, ya Ulaya wala ya mbinguni. Beseni, maji baridi, na bwana harusi ashike upande wa pili wakati wa kulianika.