"NIMETUMA KAMA NILIVYOIPOKEA": ACHENI HUO UPUUZI!

Haya wadau, leo sina ubuyu. Leo tugombane kidogo.

Juzi saa nne usiku simu yangu ilianza kulia mfululizo. Magrupu manne, picha ile ile ya msanii mmoja wa kike, mshumaa pembeni: "Pumzika dada yetu, ajali mbaya." Ajali wapi? Gari gani? Nani kathibitisha? Hakuna. Na mimi, mjuaji wenu, nikaitupia kwenye grupu la ukoo.

Dakika ishirini baadaye dada wa watu akaja laivu, yupo nyumbani kwake, mzima, analia. Mama yake mwenye presha alikuwa ameanguka na kukimbizwa hospitali, kisa jirani kampigia simu kumpa pole ya msiba.

Sasa kwa nini tunameza? Msiniambie ni kukosa shule. Kwenye grupu letu wa kwanza kuandika "jamani!" ni mtu mwenye digrii mbili.

Ukweli ni kwamba hatuangalii habari, tunaangalia kaituma nani. Ikitoka kwa shangazi, basi shangazi hadanganyi. Halafu ukiiona mara nne unahisi imethibitishwa, kumbe kazusha mmoja na wengine wote ni kasuku.

Na kubwa kuliko yote: tunataka kuwa wa kwanza. "Fulani yupo kwake amelala" nani ataifowadi hiyo? Mwaka 2018 watafiti wa MIT, Marekani, walitoa utafiti wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulikuwa mkubwa kwa asilimia 70 kuliko wa habari ya kweli. Na msisingizie akaunti za roboti, maana walipoziondoa kwenye hesabu, uongo bado uliongoza. Ni vidole vyetu hivi hivi.

WhatsApp wenyewe ujumbe uliozungushwa sana wanauwekea mishale miwili, na tangu 2020 hauendi zaidi ya sehemu moja kwa mara. Wewe unafanyaje? Unapiga skrinishoti, unaituma upya!

Kuna watakaosema, "Ukiwa staa lazima uzushiwe, ndo bei ya umaarufu." Sawa, yeye kachagua umaarufu. Mama yake je? Yeye alichagua lini?

Kwa hiyo kabla hujatuma RIP, ingia kwenye ukurasa wa mhusika, angalia familia au menejimenti wamesema nini. Kama hawajasema, tulia. Hakuna anayegawa zawadi kwa wa kwanza kutangaza msiba.

Mimi ile posti niliifuta na nikaomba radhi grupu zima. Shangazi akanijibu: "Umechelewa mwanangu, nishaituma kanisani na kwenye vikoba."

Nawe ulishawahi kumzika mtu yuko hai? Semeni ukweli leo.