Samaki wanabeba majina ya vijiji vyetu, vijiji vinabaki mikono mitupu

Leo ninaongea juu ya samaki. Si sambaza wa Ziwa Kivu, wala ndagala wa sokoni. Ninaongea juu ya wale samaki wa rangi wanaokaa kati ya mawe ya Ziwa Tanganyika, ambao wengi wetu tunasema si mboga.

Hao tunaowadharau wana bei. Ulaya, Marekani na Asia watu wanawafuga nyumbani ndani ya sanduku la kioo lenye maji, taa na mashine ya kusafisha maji. Wanaliita akwariamu. Kuna mmoja mwenye nundu kichwani na mistari myeusi, wanamwita frontosa. Akiwa mkubwa na ametoka ziwani kwenyewe, huko anaweza kuuzwa zaidi ya dola 100, yeye peke yake. Na muuzaji haandiki tu kwamba ni samaki wa Kongo. Anaandika na mahali: Moba, Kapampa, Bemba, Ubwari. Jina la mahali ndilo linapandisha bei.

Sababu ni hii. Samaki wa mawe havuki mchanga mrefu wala kilindi. Anabaki kwenye mawe yake, kizazi baada ya kizazi, na hivyo kila kipande cha pwani kinapata rangi yake. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za jamaa hao, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kuna wanaoitwa Tropheus: jike anataga mayai machache tu, mara nyingi hata 20 hayafiki, na anayabeba mdomoni karibu mwezi mzima. Ukiyakomba mawe ya kijiji kimoja, hakuna samaki atakayetoka kijiji kingine haraka kuziba pengo.

Sasa ninauliza: nani anawahesabu wanaotoka upande wetu? Nani anatoa ruhusa, na pesa ya ruhusa inalala wapi?

Biashara hii si ya jana. Mbelgiji Pierre Brichard alianza kusafirisha samaki wa Mto Kongo kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaweka kazi yake Bujumbura, akauza samaki wa Tanganyika duniani kote. Mwaka 1974 samaki mmoja wa ziwa hili akapewa jina lake katika vitabu vya sayansi. Simlaumu kwa kujua alichokitafuta. Ninatulaumu sisi, ambao nusu karne baadaye bado tunasema ni mchezo wa wazungu.

Wengine wamefanya nini? Kule Amerika ya Kusini kuna samaki bapa wa mtoni, mwenye mwiba wa sumu mkiani. Waswahili wa pwani ya bahari wanamwita taa. Naye anafugwa kwenye akwariamu, tena kwa bei kubwa. Brazili iliweka idadi ya taa wanaoruhusiwa kutoka nchini kila mwaka. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Panama, aina kadhaa za taa hao ziliingizwa katika orodha ya wanyama ambao hawavuki mpaka bila karatasi. Kongo yetu ni mwanachama wa CITES tangu 1976. Mlango wa kuwalinda samaki wetu upo, tunaopaswa kuubisha ni sisi.

Na tusikawie. Taa hao sasa wanazalishwa kwenye mabwawa ya Asia, na samaki wetu pia wanazalishwa Ulaya na kwingineko. Jina la kijiji linabaki kwenye kioo, kijiji hakiambulii hata franga moja.

Kuna pia jambo la uhai wa watu. Frontosa anakaa chini sana. Akipandishwa haraka anavimba na kufa, kwa hiyo wanamleta juu kidogo kidogo, hata kwa siku kadhaa. Mtu anayemfuata kule chini naye akipanda haraka anaweza kupooza au kufa. Samaki anapewa siku za kupumzika. Kijana mpiga mbizi anapewa nini?

Najua mtakaloniambia: watu wanalala chini ya hema, kipindupindu hakiishi Uvira, na wewe unatuletea samaki wa mapambo? Ndiyo, ninawaleta, kwa sababu vita ndiyo saa mali inatoka bila hesabu. Tumeyaona hayo kwenye koltani na dhahabu. Familia iliyohama Ubwari itakaporudi, inatakiwa ikute mawe yake yana kitu.

Ninaomba mambo manne. Kwanza, kila ruhusa ya kuvua samaki wa mapambo ibandikwe wazi, pamoja na idadi yao. Anayeweza kuweka barieri ya kodi anaweza pia kuweka daftari. Pili, sehemu ya pesa irudi kwenye kijiji ambacho jina lake linauzwa: maji safi, shule, zahanati. Tatu, asizame mtu bila mafunzo na vifaa. Nne, watafiti wa kituo cha hydrobiolojia cha Uvira wasaidiwe kuwafundisha vijana kuwazalisha samaki hao papa hapa, ili mawe yapumzike.

Nchi nne za ziwa zina mkataba tangu 2003 na ofisi ya pamoja Bujumbura. Wabunge wa jimbo na machifu wa pwani, waulizeni huko: mwaka jana samaki wangapi wa mapambo walitoka upande wa Kongo? Mkipata jibu, leteni redioni tulisome hewani. Msipolipata, tutasoma swali lenu.