Kichezeo Asichokichoka Mtoto



Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo wengi wataliona dogo, yaani vitu vya kuchezea vya watoto wa miaka mitatu hadi sita. Wazazi wa hapa Ifakara hutuuliza swali lake mara kwa mara, hasa baada ya kuuza mpunga, fedha zinapokuwa mkononi: tumnunulie mtoto kitu gani ambacho hatakichoka baada ya siku mbili?

Swali ni zuri, ingawa jibu letu halitawafurahisha wenye maduka. Gari la plastiki linalopiga king'ora na kuwaka taa limekwisha kuamua lenyewe mchezo utakavyokuwa. Mtoto hubonyeza, likalia. Hubonyeza tena, likalia vile vile. Siku ya tatu hulipasua kwa jiwe aone kilichomo ndani, nasi twamchapa kwa utundu, ilhali kulipasua ndiyo sehemu pekee ya mchezo iliyokuwa imebakia kwake. Kipande cha ubao hakijaamua lolote. Asubuhi ni basi la kwenda Mlimba, mchana ni mche wa sabuni, na jioni ni mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Bondeni kwetu jambo hilo huonekana wazi. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa rasmi mwaka 2018, watoto walicheza pantoni: ubao mmoja juu ya mchanga, vizibo vya soda vikiwa abiria, na mmoja wao akifoka kama nahodha. Watoto walio chekechea leo hawakuiona pantoni ile ikivusha watu. Wao huchukua ubao wa namna ile ile, wakaulaza juu ya matofali mawili, na magunzi ya mahindi yakapita juu yake yakiwa malori. Hakuna mzazi aliyelazimika kwenda dukani kwa ajili hiyo.

Tusidhaniwe kwamba twausifu umaskini. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha malezi ya chekechea huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya sufu, tufe la mti, na michemraba ya mbao iliyogawanyika vipande. Watoto waliopewa vitu hivyo hawakukosa maduka. Daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitumia pia vifaa vya mbao, lakini alitaka kila kifaa kitumike kwa kazi yake maalumu. Darasani, penye mwalimu aliyefunzwa, twamheshimu sana. Nyumbani, hata hivyo, tungependa mtoto aachiwe kuigeuza mbao yake kuwa apendavyo.

Wingi nao una madhara yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha utafiti juu ya watoto 36 wenye umri wa miezi 18 hadi 30. Mtoto alipowekewa vichezeo vinne alidumu na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi, na akakitumia kwa namna nyingi zaidi, kuliko alipowekewa 16. Hao ni wadogo kuliko tunaowazungumzia, lakini yeyote aliyemwona mtoto wa miaka minne mbele ya sanduku lililojaa midoli hatashangaa.

Basi tuchague nini? Kwa maseremala wetu hupatikana masalio ya mbao za mitiki, mti uliopandwa kwa wingi bondeni na upande wa Ulanga tangu miaka ya 1990. Vipande 20 au 30 vya ukubwa mbalimbali, vikipigwa msasa na kuachwa bila rangi wala vanishi, humtosha mtoto hadi aingie darasa la kwanza. Khanga kuukuu ni nyumba, ni mbeleko ya mtoto wa gunzi, ni joho la bwana harusi. Udongo wa mfinyanzi, kwa maoni yetu, huvishinda vyote. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili twalipenda, lakini ni kazi ya kaka mkubwa. Mdogo huishia kulikokota tu, na ncha za waya si salama kwake.

Hapa twaomba tusikilizwe kwa makini. Mtoto asitumwe kujichimbia udongo mwenyewe. Mashimo ya tofali hujaa maji wakati wa masika, na kingo za mto zina mamba. Mtu mzima achimbe, alete ndoo moja nyumbani. Vizibo na mbegu visikae karibu na mdogo ambaye bado hutia kila kitu kinywani, na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mtipitipi zisichezewe kabisa, kwa kuwa ni sumu. Midoli ya bei nafuu yenye betri ndogo za duara kama kifungo ni hatari pia: betri ikimezwa huweza kuunguza koo kwa saa chache, na safari ya hospitali haisubiri kesho.

Tumesikia akina mama wakilalamika kwamba udongo huchafua. Ni kweli, huchafua. Mtoto avuliwe sare, avishwe nguo ya zamani, na atengewe kona ya uani penye kivuli na beseni la maji. Achezapo tusimwulize kila dakika anatengeneza nini. Mbao na magunzi vikae nusu ndani ya kiroba, vibadilishwe baada ya juma moja au mawili. Udongo uliosalia uwekwe katika kopo lenye kifuniko pamoja na kitambaa kilicholowa, nao utabaki laini kwa siku kadhaa. Ukikauka, upondwe na kulowekwa upya.