Mashine inajua inapoumwa, ila imefundishwa kunyamaza

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili hivi, kazi zilinizidi. Lakini leo imenibidi niandike, maana nina hasira, na hasira yenyewe imeletwa na mashine ya kufulia nguo.

Dada yangu mkubwa ana biashara ndogo ya udobi hapa Nairobi. Ana mashine moja tu, ile inayofua na kukausha nguo ndani ya pipa lile lile. Msimu wa mvua ndio msimu wake wa mavuno, kwa sababu kamba za kuanikia hazimfai mtu. Basi katikati ya mvua za Aprili mashine ikafua, ikakamua, ilipofika hatua ya kukausha ikasimama. Kwenye kioo chake ikaandika herufi moja na tarakimu mbili. Kitabu cha maelezo kinasema hivi kuhusu msimbo huo: zima mashine, piga simu kituo cha huduma.

Alipiga. Fundi wa kituo akaja, akautazama ule msimbo, akasema, "Mama, hii ni bodi." Bei ya bodi mpya: shilingi 34,000. Kuja kwake tu kulikuwa shilingi 2,500. Fundi wa mtaa naye akaja na dawa yake: achomelee kipande cha rezista mahali pa kihisi joto ili mashine "idanganyike". Hapo ndipo dada aliponipigia simu.

"Wee, si ulisomea kompyuta miaka minne? Njoo basi uiangalie hii kompyuta inayofua nguo."

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Mashine ya kisasa ya kufulia ni kompyuta iliyopewa mota, pampu na hita.

Sasa niwaeleze kihisi joto ni nini. Mafundi wetu hukiita sensa, ingawa hakihesabu watu. Ni kidude kidogo kiitwacho themista. Ukinzani wake wa umeme hushuka joto linapopanda. Aina moja inayotumika sana huwa na omu 10,000 katika nyuzi 25, na ikifika nyuzi 60 hubaki na omu 2,500 hivi. Bodi hupitisha umeme mdogo, hupima volteji, huigeuza kuwa nambari, kisha programu huamua kama hita iwake au izimwe. Mashine za kufua na kukausha huwa na zaidi ya kihisi kimoja: kimoja hupima maji, kingine hupima hewa moto ya kukaushia.

Nilifanya hivi. Kwanza nilichomoa plagi ukutani. Tafadhali usiruke hatua hii, stima ya volti 240 haina mzaha. Nikafungua mgongo wa mashine, nikachomoa kihisi cha hewa moto, nikakipima kwa multimita. Asubuhi ile ya baridi kilisoma omu 12,400. Nikakifunga ndani ya karatasi ya plastiki, nikakitumbukiza katika kikombe cha maji moto. Nambari ikashuka taratibu hadi chini ya 3,000. Kihisi ni kizima kabisa!

Nikahamia upande wa bodi. Nikakirudisha kihisi mahali pake, nikachomoa kiunganishi chake kwenye bodi na kupima kupitia nyaya zile ndefu. Multimita haikusoma chochote. Nikazitikisa nyaya polepole: omu 12,000 na kitu, kisha hakuna kitu, kisha 12,000 tena. Basi ugonjwa uko njiani. Nilifuata waya kwa vidole mpaka mahali unapopita kwenye ukingo wa bati. Mtetemo wa miaka mitatu ulikuwa umeusugua mpaka shaba ya ndani ikakatika. Nilikwenda Luthuli Avenue, nikanunua kipande cha waya unaostahimili joto na mpira wa kufunikia. Havikufika shilingi 300. Nikaunganisha kwa risasi, nikafunika, nikaufunga waya mbali na ule ukingo, nikapima tena upande wa bodi, kisha nikakaa kando ya mashine ikikausha mzigo mzima. Ilimaliza salama.

Sasa fikirieni. Kama dada angelipa zile 34,000, bodi mpya ingewekwa, mashine ingewashwa, na msimbo ule ule ungerudi, kwa sababu waya ulikuwa bado umekatika!

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Mashine ilijua. Waya wa kihisi ukikatika, volteji hupanda hadi mwisho. Ikiwa bodi husoma kutoka 0 hadi 1,023, itaona 1,023 au karibu yake. Nyaya zikigusana itaona 0. Hakuna joto lolote jikoni wala chooni linaloweza kutoa nambari hizo. Kwa hiyo aliyeandika programu alikuwa na uwezo wa kuandika "waya wa kihisi cha kukaushia umekatika" kwa mstari mmoja wa ziada. Badala yake dada yangu alipewa fumbo, na ufunguo wa fumbo ukawekwa kwa mtu anayeuza bodi.

Watengenezaji hutujibu kwamba ni usalama: mwenye mashine akijua mengi ataanza kupekuapekua na kujiumiza. Nakubali nusu. Kukausha nguo kwa hita ni jambo la hatari, vumbi la nguo hushika moto, na mashine ilifanya vyema kusimama. Lakini kusimama ni jambo moja na kuficha sababu ni jambo lingine. Tazameni alichotaka kufanya yule fundi wa mtaa. Rezista haijui joto. Mashine ingeamini hewa iko nyuzi zile zile siku zote, na hita ingeendelea kuwaka mpaka kinga ya mwisho ikate, kama bado ni nzima. Kwa nini alifikiria hivyo? Kwa sababu hana mchoro wa nyaya, hana orodha ya misimbo, na mteja hana 34,000. Siri hiyo haikumlinda mtu; ilikaribia kuunguza nyumba.

Wala msiniambie haiwezekani. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni yake ya 2019/2023 iliyoanza kutumika Machi 2021, uliwalazimisha watengenezaji wa mashine hizi kuwapa mafundi vipuri, vihisi joto vikiwemo, kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni, pamoja na maelezo ya ukarabati na misimbo ya hitilafu. Kampuni zinazouza huku na kule tayari zina maelezo hayo. Sisi hatupewi kwa sababu hatujadai.

Na haki ya kudai tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Herufi moja na tarakimu mbili si habari. Nataka maana ya kila msimbo iandikwe kitabuni, na kwa Kiswahili pia. Nataka mchoro wa nyaya ubandikwe ndani ya mfuniko wa nyuma. Nataka fundi wa kituo alazimike kupima kabla ya kuuza. Kupima kihisi na waya wake kulinichukua chini ya nusu saa, na mimi si fundi wa mashine.

Mwisho nawageukia wenzangu tunaoandika programu, nami nikiwemo. Mwaka jana niliandika mfumo wa malipo unaosema "Hitilafu imetokea, jaribu tena" kwa makosa manane tofauti ambayo programu yenyewe iliyatofautisha vizuri. Nilikuwa na haraka. Nilipotoka kwa dada jioni ile, nguo za wateja zikiwa zimekunjwa mezani, niliifungua programu ile na kuyaandika makosa yote manane kwa majina yake. Ilinichukua saa moja. Kuna mtu mahali fulani ambaye alikuwa amepoteza siku nzima kwa sababu ya uvivu wangu wa saa moja.

Kama nawe una mashine inayokuandikia mafumbo, chomoa plagi, tafuta multimita, na upime kabla ya kulipa. Tuonane wakati mwingine.