Mwenye Njia ya Kazi ni Mtumishi Mwenyewe

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anayeajiriwa akiwa na umri wa miaka 25 ana miaka 35 ya kazi kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na 60, au miaka 30 akiamua kuondoka kwa hiari akiwa na 55. Atakakofikia hutegemea sana kada aliyoingilia, muundo wa utumishi wa kada hiyo, ikama ya taasisi yake na bajeti ya mwaka husika. Kwa kuwa yote hayo hupangwa na wengine, watumishi wengi huiona njia yao ya kazi kuwa mali ya mwajiri, jambo la kusubiriwa barua. Imani hiyo imewagharimu watu wengi wenye uwezo.

Muundo wa utumishi ndio pa kuanzia. Waraka huu hueleza sifa za kuingilia kada, majukumu ya kila daraja na sifa za kupanda daraja linalofuata. Hauna siri, ila wanaousoma ni wachache, na wengi wao huusoma wakiwa wameshakwama. Anayeusoma mwaka wa kwanza, angali kwenye muda wa majaribio, hujua mapema kama stashahada aliyonayo itamfikisha juu au itamwacha katikati.

Ualimu unaonyesha vizuri jambo hili. Mwalimu wa cheti huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, wa stashahada TGTS C, na wa shahada TGTS D. Mwalimu wa shule ya msingi anayejiendeleza katika ualimu huohuo, tuseme kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kinachomwezesha kusoma huku akifundisha, anabaki kwenye njia moja na kuirefusha. Mwenzake anayechukua shahada ya ununuzi na ugavi yuko kwenye njia panda, hata kama hajui. Shahada hiyo peke yake haimwondoi darasani. Ili abadilishiwe kada, mwajiri lazima aridhie, nafasi iwepo kwenye ikama na fedha zitengwe kwenye bajeti. Na akishakubaliwa, kwa kawaida huanzia chini katika kada mpya. Wengi huyafahamu haya wakiwa na joho la mahafali mkononi na deni la ada mgongoni.

Lawama hapa si ya mwalimu peke yake. Afisa utumishi anayepokea ombi la ruhusa ya masomo anaona wazi kwamba kozi iliyoombwa haiendani na kada ya mwombaji. Kunyamaza siku hiyo, kisha kumwambia ukweli baada ya miaka mitatu, ni kumdhulumu mtu. Halmashauri zinapaswa kuyaeleza masharti haya kwa maandishi kabla ruhusa haijatolewa.

Hata hivyo, mtumishi makini hangoji kuelezwa. Barua yake ya kuomba ruhusa hupitia kwa mwalimu mkuu, hufika masijala ya mkurugenzi, na yeye hubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kabla ya kulipa ada huuliza kama kozi yake imo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Akirudi na cheti, hukiwasilisha kwa barua kiingizwe kwenye faili. Ni mambo madogo, lakini madai mengi ya kupandishwa daraja huishia hapo, kwa sababu faili halina karatasi ya kuyathibitisha.

Tathmini ya utendaji nayo inadai moyo huohuo. Fomu za OPRAS, zilizoanza kutumika mwaka 2004, mara nyingi zilijazwa mwisho wa mwaka ili faili litimie tu. Mfumo wa PEPMIS uliozirithi humtaka mtumishi aingize kazi zake kadiri anavyozifanya. Anayeandika kwa uaminifu alichofanya kila wiki hujenga kumbukumbu ambayo mkuu mpya wa idara anaweza kuisoma bila kumtegemea mtangulizi wake.

Zaidi ya mwajiri zipo bodi za kitaaluma, na hapa ndipo mtumishi ana uhuru mpana kuliko anavyodhani. NBAA ya wahasibu imekuwepo kwa sheria ya mwaka 1972, na PSPTB ya wataalamu wa ununuzi na ugavi kwa sheria ya mwaka 2007. Mitihani yao ni migumu, na wapo wanaoirudia mara kadhaa. Lakini anayefaulu na kusajiliwa huhama na usajili wake, iwe wizarani, kwenye shirika au katika kampuni binafsi.

Kwa aliyevuka miaka 50 suala hili lina uzito wa pekee. Mwajiri huona faida ndogo kumsomesha mtu anayekaribia kustaafu, kwa hiyo kozi ndefu za kulipiwa huwa nadra kwake. Bodi haihitaji ridhaa ya mwajiri. Mhasibu anayejisajili, akaifanya mitihani na kupata CPA akiwa bado kazini, anaweza baada ya kustaafu kuomba kibali cha NBAA na kufungua ofisi ya ukaguzi wa hesabu kwa jina lake.