Mpaka Umo Ndani ya Kadi

Na Zubeda Draru

Mfanyabiashara wa Ariwara huingia Arua, Uganda, asubuhi, akauza bidhaa zake, na jioni akarudi kwao Kongo. Akitaka malipo yake yaingizwe kwenye kadi aliyopewa na benki ya Kongo, pesa hizo zitahesabiwa kuwa zimevuka mpaka, hata kama yeye na anayemlipa wamesimama kaunta moja.

Kinachoamua si mahali ulipo, wala sarafu uliyotumia. Tazama namba za kadi yako. Tarakimu za mwanzo, zamani sita na sasa nane kwa kadi za Visa na Mastercard tangu Aprili 2022, humtambulisha mtoaji wa kadi na nchi yake. Mfumo wa malipo huilinganisha nchi hiyo na ile ya taasisi inayotuma pesa. Zikiwa nchi moja, malipo ni ya ndani. Zikitofautiana, yamevuka mpaka. Kwa hiyo dola zikitumwa na benki ya Kampala kwenye kadi ya Uganda ni malipo ya ndani. Jina la benki nalo halisaidii: Equity ya Uganda na Equity BCDC ya Kongo ni watoaji wawili wa nchi mbili.

Kwetu Abuku, na kote kwenye ukanda huu ambako Vurra inapakana na Kongo, na Oraba inapakana na Sudan Kusini, jambo hili linagusa riziki. Malipo ya kuvuka mpaka kwa kawaida hutozwa ada kubwa zaidi, na sarafu zikibadilishwa, kiwango cha ubadilishaji nacho humega chake. Anayeuza magunia mawili ya unga huiona faida yake ikiishia humo. Si ajabu akachagua kubeba noti, pamoja na hatari ya kuibiwa njiani.

Mwaka 2014 Uganda, Kenya na Rwanda zilikubaliana kwamba simu kati yao zisitozwe kama za ng'ambo, na Sudan Kusini ikajumuishwa. Mipaka haikuhama, serikali ziliamua tu. Leo Sudan Kusini na Kongo zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Benki kuu zetu zikae zikubaliane vivyo hivyo kuhusu malipo madogo ya kadi.

Hadi hapo, benki zimwambie mtumaji kabla hajabonyeza: malipo ni ya ndani au yanavuka mpaka, ada ni kiasi gani, kiwango ni kipi. Namba za kadi zimeshaujulisha mfumo nchi ya mtoaji kabla hata shilingi moja haijatoka. Anayelipa ada ana haki ya kujua mapema vilevile.